Vitambaa vya Plagi

Kila Jumapili baada ya ibada simu ya Mzee Ephraimu huita, naye huipokea kabla haijamaliza mlio wake wa kwanza, maana tangu mahubiri yaanze amekuwa akiipapasa mfukoni. Anayepiga ni Anneth, mtoto wake wa pekee, kutoka Ujerumani. Humwamkia shikamoo, humwuliza hali, na mzee hujibu kwamba ni nzuri. Humwuliza habari za shamba, mzee hujibu shamba lipo. Mzee naye humwuliza habari za baridi, Anneth hujibu baridi ipo. Baada ya hapo baba na binti wanaopendana kufa hukaa kimya kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki, mpaka mmoja amwonee mwenzake huruma. "Haya baba," Anneth husema, "nipe mama."

Mama akishapewa simu mambo hubadilika. Hedwiga ni Mchaga wa Kibosho aliyeolewa na Mmeru wa Kikwe, na katika miaka yote ya ndoa hajakubali kwamba kuna mtu nje ya Kilimanjaro anayejua kupika ndizi. Siku hizi mwanafunzi wake sugu ni huyo huyo Anneth. "Umesahau tena?" utamsikia akifoka kwa raha zake, amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya stuli. "Nyama kwanza, mwanangu! Nyama ikishaiva ndipo unatia ndizi. Ndizi mshare huko hamna? Basi tafuta zozote ilimradi mbichi. Hivi huko Ulaya wamekufanya nini wewe?" Somo hilo la machalari huendelea mpaka chai ya mzee ipoe. Mzee Ephraimu hukaa pembeni na gazeti la juzi, anajifanya anasoma, na wivu unamtafuna. Yeye hakuwa na ndizi za kumfundisha mtu.

Alichokuwa nacho ni gari.

Lilikuwa Corolla jeupe la zamani, la enzi zile ambapo mtu wa kawaida aliweza kufungua injini na kuifunga bila kumwita kijana mwenye kompyuta. Alilinunua alipokuwa bado anafundisha habari za miti kule chuo cha misitu Olmotonyi. Ndilo lililompeleka Anneth shule, ndilo lililompeleka bibi yake hospitali, na ndilo lililombeba Anneth mpaka uwanja wa ndege siku ile alipoondoka na koti kubwa mkononi katika jua la Januari. Plagi za gari hilo hazijawahi kuguswa na fundi. Mzee Ephraimu alikuwa haamini fundi hata mmoja kati ya Usa River na Kisongo; alisema fundi akikaza nati moja hulegeza mbili ili urudi. Kwa hiyo kila mwaka, siku chache kabla ya safari ya Krismasi kwenda Kibosho kwa wakwe, alitandika turubai uani, akafungua boneti na kubadilisha plagi mwenyewe. Msaidizi wake alikuwa Anneth, tangu akiwa mdogo wa kusimama juu ya kreti la soda ili aione injini.

Mwaka mmoja, Anneth akiwa darasa la tatu, mzee alijiona mjanja akachomoa nyaya zote nne za plagi kwa mpigo, kisha akazirudisha kwa kubahatisha. Gari liliwaka kwa taabu, likatetemeka kama mtu mwenye homa, likapiga mshindo kwenye ekzosi, na kuku wa jirani wakahama uwanja. Safari ya Kibosho ikalala. Kesho yake asubuhi Anneth alichukua mkasi na kitenge cha mama yake cha Umoja wa Wanawake, kitenge kipya ambacho kilikuwa hakijavaliwa hata mara moja, akakata kipande chekundu, kingine cha njano na kingine cha kijani. Cheupe alikitoa kwenye mkia wa shati la baba yake la kanisani. Akavifunga kwenye nyaya, chekundu kwa plagi ya kwanza, njano ya pili, kijani ya tatu, cheupe ya mwisho, kila waya ukawa na kwao. Hedwiga alipoona kitenge chake alikwenda kuvunja fimbo. Mzee Ephraimu akasimama katikati akasema huyu haguswi, huyu ni mhandisi. Vitambaa vile vilifubaa kwa joto na mafuta lakini havikutolewa, na tangu siku hiyo hakuna waya uliopotea njia.

Mhandisi lakini akawa muuguzi, akaenda Ujerumani kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee, na huu ulikuwa mwaka wa tano hajatia mguu Kikwe. Kwanza ilikuwa korona, kisha mtihani wa lugha, kisha ruhusa iliyogongana na ya mwenzake kazini, kisha masomo ya kupata leseni ya uuguzi ya kule. Kila Krismasi kulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Mzee Ephraimu aliona hilo ndilo baya kuliko yote. Mtu akikudanganya unaweza kumkasirikia ukapoa; huyu hakumpa hata nafasi ya kukasirika. Alibaki na hamu tu, hamu ya kumwona mwanawe mlangoni na mikono yenye mafuta, akiuliza tambara la kufutia liko wapi.

Mchezo wake wa simu ulianza mwezi wa saba, ule wa ukungu, wakati mlima Meru hauonekani kutwa nzima na watu wa Kikwe wanavaa masweta mpaka adhuhuri. Gari lilianza kumisi, injini inakata mara kwa mara. Mzee alifungua plagi ya kwanza, akataka kusoma namba yake ili akanunue za aina hiyo hiyo mjini, lakini miwani alikuwa ameikalia siku iliyotangulia. Hedwiga naye alikuwa kwenye maombi. Basi, kwa shida ya kweli kabisa, akampigia Anneth simu ya picha.

"Baba, sogeza karibu. Hapana, hapo unanionyesha pua yako."

"Hapa je?"

"Hapo ni sikio. Baba!" Akacheka. Ilikuwa miaka mzee hajamsikia akicheka namna ile, kicheko cha kukosa pumzi. Anneth alisoma namba, kisha akataka kuona masizi yalivyokaa kwenye ncha, kisha akauliza kama bomba la mpira bado lipo, lile la kushikia plagi wakati wa kuirudisha. Akataka kuuona mparachichi. Akataka kumwona mbwa, aliyeitwa Polisi kwa sababu ya kulala mchana. Akauliza kwa nini turubai lina tundu, akasimuliwa, akacheka tena. Walizungumza karibu saa nzima. Jioni ile Mzee Ephraimu alirudia ugali, jambo ambalo Hedwiga alilitazama kwa wasiwasi.

Hapo ndipo shetani alipopata upenyo. Wiki mbili baadaye gari lilikuwa zima kama chuma cha reli, na mzee akampigia binti yake kumwuliza eti plagi inakazwa kiasi gani. Alikuwa anajua. Unazungusha kwa mkono mpaka ikatae, kisha unatia soketi na kuongeza kidogo, basi. Yeye ndiye aliyemfundisha, na alimfundisha kwa kumshika mkono. Lakini alikaa kwenye kreti akasikiliza maelezo yote kwa utulivu, anaitikia "enhee", anauliza swali la kipumbavu pale penye kufaa, na moyo wake unameremeta. Mwezi uliofuata akauliza bomba la mpira ni la kazi gani. Mwezi mwingine akauliza kama waya unavutwa kwa kushika waya au kwa kushika kofia yake. Mwaka ukaendelea hivyo. Gari lilipokataa kuumwa alilisaidia: kuna siku alilegeza waya wa kijani kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kunawa, akapiga simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Baba Anneth, unamdanganya mtoto," Hedwiga alimwambia.

"Simdanganyi. Namshirikisha."

"Mtu mzima hovyo!"

Mzee alicheka. Hakuona ubaya wowote. Angeuona wapi, na furaha ilikuwa imemziba macho?

Jumamosi moja ya Novemba, baada ya kwenda mjini kununua plagi mpya na kupita Engutoto kumsalimia dada yake Hedwiga, alitandika turubai kwa kazi ya mwaka. Safari hii kazi ilikuwa halali. Aliiegemeza simu kwenye jagi la maji juu ya madigadi, akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Njoo tubadilishe plagi."

Anneth alikuwa ametoka zamu, nywele amezifunga kitambaa, kikombe mkononi. Walianza vizuri, wanataniana. Tatizo ni kwamba mzee alikuwa ameshamaliza maswali yake yote. Lililobaki lilikuwa moja, kubwa, alilolitunza kwa muda mrefu kama nyama ya mwisho kwenye sahani. Alitaka kusikia hadithi ya kitenge. Alitaka isimuliwe na mwenyewe, mkasi, fimbo, mhandisi na yote.

"Sasa huu waya wenye kitambaa chekundu," alisema, akiushika, "unaenda wapi? Na hivi vitambaa, ni nani aliyevifunga humu?"

Akasubiri kicheko. Hakikuja.

"Baba," Anneth alisema, "hujui nani alifunga vitambaa?"

"Labda fundi."

Laiti angeinama akautazama uso ule kwenye kioo cha simu, angeacha hapo hapo. Lakini miwani ilikuwa mpya na hajaizoea, na jua lilikuwa likimulika kioo, na mchezo ulikuwa umenoga. Anneth aliweka kikombe chini. Sauti yake ikawa ya polepole na laini, kila neno linatoka peke yake. "Baba, kaa kwanza. Umekula leo? Niambie, leo ni siku gani?"

Mzee alijikuna kichwa kidogo kwa madoido kabla ya kujibu. "Jumamosi."

"Vizuri. Na mwezi?"

Kwa mwezi alijikuna zaidi. Kisha Anneth akamwelekeza waya mmoja mmoja, rangi moja moja, bila kuruka kitu na bila utani, mpaka boneti ilipofungwa. Mwisho akasema, "Nakupenda, baba." Katika familia ile watu hawakuwa na desturi ya kuambiana hivyo; walikuwa wanaulizana kama wamekula. Mzee Ephraimu alibaki amesimama na tambara mkononi, akijihesabu kuwa baba mwenye bahati kuliko wote wa Kikwe.

Wiki iliyofuata Anneth alipiga simu kila siku. Alipiga asubuhi kumwuliza kama amekunywa chai, na jioni kumwuliza kama kuku wamefungwa. Mzee hakujua la kufanya na neema ile yote. Alianza kuoga mapema ili simu ya jioni imkute msafi.

Jumamosi yake alimkuta Hedwiga uani anamenya ndizi, na kando yake kwenye kamba yameanikwa mashuka ya chumba cha Anneth, yale ya maua ambayo hayatolewi kabatini bila sababu.

"Kuna mgeni?"

"Anneth anarudi," Hedwiga alisema bila kuinua macho.

Mzee Ephraimu alishika shuka moja la maua. "Krismasi?"

"Anarudi moja kwa moja. Jumatatu anakwenda kumwambia mkubwa wake kwamba anaacha kazi."

Hakuna maneno ya kueleza furaha iliyompata. Alimwona mlangoni. Aliona begi barazani, viatu vyake kwenye mkeka, kichwa chake kikitoka chini ya boneti kuuliza tambara. Akacheka peke yake. Kisha furaha ile ilipotua kidogo, akauliza swali ambalo alipaswa kuanza nalo.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu yako." Kisu kilisimama. "Pale anapofanya kazi wamejaa wazee waliosahau kila kitu, hata watoto wao. Anasema wote huanza hivyo hivyo, mtu anaanza kusahau kitu alichokijua maisha yake yote. Amesema, mama, nimelea wazazi wa watu, siwezi kushindwa kumlea wangu."

"Masomo yake je? Leseni?"

"Anaacha. Mtihani ulikuwa mwakani."

Mzee alikaa kwenye kreti. "Na wewe ulimwambia nini?"

Hedwiga alirudi kwenye ndizi zake. Alimenya moja, akamenya ya pili, maganda yakawa yananing'inia kidoleni. "Aliniuliza kama baba anasahau. Nikamwambia siku hizi anasahausahau."

"Hedwiga!"

"Usiniite Hedwiga!" Akatupa kisu ndani ya beseni, maji yakamrukia usoni, na hakuyafuta. "Nimekwambia miezi yote hiyo acha, hukuacha. Alivyoniuliza nilitaka kusema kweli, Mungu ni shahidi. Nikafungua mdomo likatoka lile lingine. Nimechoka kumpikia mtoto kwenye simu, Baba Anneth. Nataka nimpakulie."

Mzee Ephraimu alikwenda akakaa ndani ya gari, upande wa abiria, mahali alipokaa Anneth siku ile ya uwanja wa ndege. Kupitia kioo aliona mlima, umevua mawingu mpaka kileleni. Akajadiliana na nafsi yake, na nafsi yake ilikuwa wakili mzuri. Hukuomba aache kazi, ilimwambia. Huhitaji kusema uongo mwingine. Kaa kimya tu mpaka Jumatatu ipite. Akishafika, nani atakumbuka habari za waya?

Hapo ndipo aliponasa. Nani atakumbuka? Yeye hatakiwi kukumbuka. Akili ilimpeleka mbele, akajiona Desemba amesimama uani na Anneth, boneti iko wazi, binti yake anamwonyesha kitambaa chekundu polepole kwa ile sauti laini, naye inampasa akitazame kama kitu cha mtu mwingine. Mwakani hivyo hivyo, na mwaka ule mwingine, mpaka afe. Angekuwa na mwanawe nyumbani, na kila siku angelazimika kumsahau mbele ya macho yake. Na yeye Anneth, aliyeshinda lugha ile ngumu kwa machozi, angekaa Kikwe kumwuguza mtu mzima wa afya. Mzee Ephraimu alilia ndani ya gari, kwa sauti, madirisha yamefungwa. Kisha akapangusa uso kwa tambara la mafuta, jambo lililomwacha na alama nyeusi ambayo Hedwiga aliiona na hakuiuliza.

Jumapili hakusubiri kupigiwa. Walipotoka ibadani alivua koti, akatandika turubai, akafungua boneti, akaegemeza simu kwenye jagi. Plagi zilikuwa mpya na hazikuwa na haja ya kuguswa. Hedwiga alisimama kwenye mlango wa jiko, amefumbata mikono.

"Shikamoo baba. Kuna nini tena? Umekunywa chai?"

"Marahaba. Leo usinielekeze kitu. Tazama tu."

Alichomoa waya wa kwanza kwa kushika kofia yake. "Hiki ni chekundu. Ulikikata kwenye kitenge cha mama yako cha Umoja wa Wanawake, ukaanzia katikati badala ya pembeni, ndiyo maana hakikushoneka tena." Akatia soketi, akatoa plagi, akaionyesha kwenye simu, akaishika kwa bomba la mpira, akairudisha kwa mkono mpaka ikakataa, akaongeza kidogo, akasukuma waya ukaingia. Mikono yake haikusita mahali. "Cha njano. Ulikuwa umeng'oka jino la mbele, ukawa unatoa ulimi kwenye pengo kila ukifunga fundo. Fundo hili ulilifunga mara tatu." Akatoa, akarudisha. "Cha kijani. Hapa ndipo mama yako alipotokea. Ulijificha nyuma yangu ukanishika mkanda, ukakatika kitanzi kimoja cha suruali. Suruali ile ninayo." Akatoa, akarudisha. Alipofika kwenye cheupe akakohoa. "Hiki ni shati langu. Nililivaa miaka mingi baadaye, nikachomekea vizuri mchungaji asione. Sijasahau kitu, mama. Sijawahi kusahau hata kimoja. Nilikuwa najitia hamnazo."

Akainama kutazama kioo cha simu. Anneth alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

"Miezi yote hii, baba?"

"Miezi yote."

"Nimelia kwenye treni baba, watu wananitazama. Nimekaa na daktari wa pale kazini nikamwuliza baba yangu amebakiza muda gani wa kunijua mimi ni nani."

"Nisamehe, mwanangu."

"Kwa nini?"

Mzee Ephraimu alifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Jumapili ukipiga unaniuliza hali, nakujibu ni nzuri, halafu unamtaka mama yako. Gari likiwa bovu unakaa na mimi."

Mzee akajikaza akamaliza lililobaki. "Kesho usiende kwa mkubwa wako. Fanya mtihani wako."

"Siendi," Anneth alisema. "Mgonjwa hayupo."

Ndicho alichokuwa amekitafuta tangu asubuhi, na alipokipata kilimchoma kifua kizima. Krismasi ikamtoka mikononi, na begi barazani, na viatu kwenye mkeka. Kwenye kamba mashuka ya maua bado yalikuwa yanapepea.

Hedwiga alikuja akasimama mbele ya simu. "Na mimi nilikudanganya," alisema. "Usimlaumu peke yake."

"Mama na wewe!" Anneth alicheka huku analia, vyote pamoja, kamasi na yote. "Nyumba nzima ya waongo." Akajifuta kwa mkono wa sweta. Akawatazama wale wawili waliosongamana kwenye kioo kidogo, mmoja ana mafuta shavuni, mwingine kilemba kimekaa upande. "Mama," alisema.

"Abee mwanangu."

"Nyama kwanza. Nyama ikishaiva ndipo unatia ndizi, unafunika, hukorogi mpaka zilainike. Kitunguu hukaangi, unakichemsha humo humo."

Hedwiga alisogeza uso karibu zaidi na simu.

"Sijawahi kusahau, mama. Napika kila wiki. Wenzangu kazini wanalamba sahani." Sauti yake ilikuwa inakatika. "Ila nikikwambia ninajua, utaniuliza hali, nitakujibu ni nzuri."

Hedwiga alitafuta kreti kwa mkono nyuma yake, akaketi. Mzee Ephraimu aliweka kiganja juu ya bega lake, akakiacha hapo.

"Mwakani," Anneth alisema. "Nikimaliza mtihani. Msibadilishe plagi mpaka nifike."

"Hatubadilishi."

"Washa nisikie, baba."

Mzee Ephraimu aliingia garini akawasha. Injini ilishika mara moja, ikanguruma sawasawa, bila kikohozi wala mtetemo, na hapakuwa na kosa lolote la kumwuliza mtu. Alirudi akasimama karibu na simu. "Limepona," Anneth alisema. "Limepona," mzee alijibu, na wote watatu walijua kwamba hapo ndipo mahali pa kuagana.

"Usizime kwanza, baba."

Hakuzima. Mafuta yalikuwa yanateketea bure, na Hedwiga, anayegombeza mtu akiacha taa ya choo inawaka, hakusema neno.